Njia ya miguu korongoni inaharibika: soma dalili, tafuta chanzo, ndipo ushike sururu

Mwongozo huu nimewaandikia kamati za mazingira za vijiji, vikundi vya vijana na maofisa wa halmashauri waliofungua, au wanaotaka kufungua, njia za wageni kwenye makorongo na miamba ya huku kwetu katikati ya nchi: vilima vya Irangi kule Kondoa, kingo za Bonde la Ufa upande wa Kilimatinde, milima ya Kiboriani kule Mpwapwa, mawe ya Singida. Nimechimba njia za aina hii kwa misimu kadhaa. Nyingine zimesimama, nyingine zimesombwa na maji, na nilirudi kwenye zile zilizosombwa nikiwa na kamba na daftari hadi nikaelewa kilichotokea.

Kabla ya yote, shika neno hili: mahali palipobomoka mara nyingi sipo penye kosa. Kosa liko mita 20 au 30 juu yake. Anayejaza kifusi kwenye shimo bila kupanda kuangalia maji yalikotoka atalijaza shimo lilelile mwaka kesho, na mwaka unaofuata. Na pale ambapo maji hayahusiki, tafuta haja ya mtu au ya mnyama ambayo aliyechora njia hakuiuliza.

Kifaa cha uchunguzi

Unahitaji fremu A, ile ile ambayo mabwana shamba hutumia kupima kontua. Miti mitatu, misumari, kamba na jiwe la kuning'inia kama timazi. Panua miguu iwe mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Isimamishe, weka alama kwenye mti wa kati kamba inapopita, kisha geuza miguu ibadilishane nafasi palepale na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Sasa simama penye usawa, weka tofali la sentimita 20 chini ya mguu mmoja, na uchore alama nyingine: hiyo ni asilimia 10, yaani kushuka mita 1 katika kila mita 10. Kwa asilimia 5 weka kitu cha sentimita 10. Kwa alama hizi tatu unaweza kuchunguza karibu kila kitu nitakachosema hapa chini. Simu zenye programu ya kupima mteremko zipo, lakini fremu inashikwa na watu wawili, na wakiwa wawili wanabishana kuhusu kile wanachokiona. Ubishi huo una faida kubwa.

Dalili: katikati ya njia pamechimbika mfereji

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na nitakaa nalo zaidi.

Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka. Ukisikia kiasi hicho unaweza kudhani maji si adui. Lakini karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili, na mengi huja kwa mafungu machache makali. Ardhi imekaa miezi saba bila tone, majani yameliwa au yamekauka, uso wa udongo umekuwa mgumu kama sakafu. Mvua ya kwanza hainyweki, inakimbia. Na inapokimbia inatafuta mahali laini pasipo na nyasi wala jiwe la kuizuia. Mahali hapo ni njia yako.

Vyanzo ni vitatu, na kila kimoja kina kipimo chake.

Cha kwanza: njia inashuka pale pale ambapo maji yangeshuka yenyewe. Chukua ndoo ya maji, mwaga taratibu pembeni ya njia upande wa juu, uangalie. Maji yakiingia njiani na kuifuata, umeijenga njia juu ya mkondo. Pima kwa fremu mteremko wa njia, kisha mteremko wa kilima chenyewe ukishuka moja kwa moja. Kanuni inayotumiwa na wachimba njia sehemu nyingi duniani ni kwamba mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima. Kilima kikiwa na asilimia 16, njia isizidi 8. Ikizidi nusu, maji hayaoni sababu ya kuvuka njia na kuendelea na safari yake. Yanaona ni rahisi zaidi kutembea ndani yake. Hata kilima kikiwa kikali sana, wastani wa njia nzima usivuke asilimia 10, hasa kwenye udongo wetu wa kichanga.

Kama chanzo ni hiki, nakuomba usipoteze nguvu za vijana kwa ukarabati. Hakuna mawe wala saruji itakayotosha. Hamisha kipande hicho, ukipeleke kando ya kilima kwa mshazari, na ufunge cha zamani kama nitakavyoeleza mwishoni.

Cha pili: mteremko ni mzuri, lakini njia ni ndefu bila mahali pa kumwagia. Maji kidogo yanaingia hapa, kidogo pale, na yakifika mita ya 60 yamekuwa mengi na yana nguvu ya kubeba kokoto. Utakitambua chanzo hiki kwa sababu mfereji huanza mwembamba juu na kupanuka kadiri unavyoshuka. Dawa yake ni kuifanya njia ipande kidogo, hatua tatu au nne, kisha iendelee kushuka. Ni kama tuta la barabarani, ila pana na la upole kiasi kwamba mpita njia halihisi. Maji yakifika pale hayawezi kupanda, yanatoka nje. Kwenye mchanga na mteremko wa asilimia 8 hadi 10 mimi huweka tuta kila mita 15 hadi 20. Kwenye mteremko mdogo na udongo mgumu nafasi inaweza kuongezeka. Wengine hulaza gogo au mstari wa mawe kukatiza njia. Inafaa tu ikilazwa kwa mshazari, yapata nyuzi 45, wala si kwa pembe mraba na njia. Gogo lililolazwa kwa pembe mraba linajaza mchanga nyuma yake msimu mmoja, na msimu wa pili maji yanaliruka au yanalizunguka. Na gogo huku kwetu lina mchwa. Chagua tuta la udongo ulioshindiliwa.

Cha tatu ndicho kinachonigusa zaidi, kwa sababu kinatokana na bidii. Ukingo wa nje wa njia umeinuka, hivyo maji yanayotaka kutoka yanazuiliwa. Wakati mwingine ni miguu imebonyeza katikati. Lakini mara nyingi vijana wenyewe ndio walioujenga. Wamekulia kwenye matuta. Wamefundishwa shuleni na nyumbani kwamba udongo unaochimbwa kwenye kilima unawekwa ukingoni ili kuzuia maji yasiondoke: fanya juu, fanya chini. Shambani hiyo ni elimu bora kabisa. Njiani tunataka kinyume chake, maji yaondoke upesi na yaondoke yakiwa machache. Kwa hiyo udongo uliochimbwa utawanywe mbali chini, usiachwe ukingoni hata kiganja. Uso wa njia uinamie nje kidogo, sentimita 5 kwa kila mita 1 ya upana. Eleza sababu hii kabla ya kazi kuanza, la sivyo utakuta tuta zuri lililonyooka, na aliyelijenga anasubiri pongezi.

Na mfereji ambao tayari upo? Kama umechimbika kina cha goti au zaidi, tibu kwanza chanzo cha juu, kisha weka vizuizi vya mawe ndani yake. Kila kizuizi kiingie ndani ya kuta za pande zote mbili, na katikati kiwe chini kuliko pembeni, ili maji yapite juu ya katikati yasichimbe pembeni. Anza chini, panda juu, na kitako cha kizuizi cha juu kiwe usawa mmoja na kilele cha kilicho chini yake. Wazee wa Kondoa wanazijua kazi hizi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo yaliyokuwa yakila mashamba, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa ili ardhi ipumzike. Waliobeba mawe wakati ule bado wapo vijijini. Waalike waje wakae kivulini, waoneshe kwa fimbo jiwe liende wapi. Nimeona mzee akimaliza kwa maneno mawili ubishi wa asubuhi nzima.

Dalili: watu wanakatiza kona

Umejenga njia ya kona kona kushuka ukuta wa korongo, baada ya mwezi kuna mistari inayoshuka wima kati ya kona na kona. Kawaida ya kamati ni kuandika kibao, "Usikatize". Kibao hakitasaidia.

Simama kwenye mkato wenyewe, utazame juu na chini. Kama kutoka kona moja unaiona nyingine chini yako, na katikati hakuna kitu isipokuwa nyasi fupi, umemwonesha mtu anakokwenda kisha ukamwambia azunguke. Kona inataka kujificha. Igeuzie nyuma ya jabali, mbuyu au kichaka cha miiba. Kama mahali hapana cha kukusaidia, panda mkonge au minyaa na urundike matawi ya mgunga mpaka imee. Pia pima mteremko kati ya kona: ukiwa chini ya asilimia 4 hivi, njia inakuwa ndefu bila kushuka na subira ya mtu inaisha. Afadhali kona chache zenye mteremko mzuri kuliko kona kumi na mbili za bapa.

Lakini uliza pia nani anakatiza. Katika korongo moja tulilalamika kuhusu wageni miezi miwili, mpaka tulipokaa asubuhi na mapema tukaona ni akina mama wanaotoka kuteka maji kwenye kisima cha mchanga, na wanafunzi wanaochelewa shule. Njia yao ilikuwepo kabla yetu. Sisi ndio tulioikatiza. Mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani hazunguki kwa sababu ya utalii, wala hapaswi. Tuliipima njia yao, tukaiwekea ngazi za mawe mahali pakali, tukaipa matuta ya kumwaga maji, na ya wageni ikaungana nayo kwa heshima. Mikato mingine yote ikafa yenyewe.

Dalili: ukingo wa chini unamomonyoka, njia inazidi kuwa nyembamba

Chanzo karibu daima ni kimoja: nusu ya njia imechimbwa kwenye kilima, nusu nyingine ni udongo wa kujaza. Udongo wa kujaza haushiki. Chimba mpaka upana wote wa njia ukae juu ya ardhi ambayo haikuguswa, hata kama kazi inaongezeka mara mbili. Kwa watu wanaofuatana kwa mstari, sentimita 60 hadi 90 zinatosha. Wachimbaji wetu hupenda mita 2 kwa sababu inapendeza kwenye picha, na mita 2 hizo ndizo zinazobomoka.

Angalia pia ukuta wa juu. Kama umeachwa wima kama ukuta wa nyumba, utaanguka njiani, watu watasogea nje kuukwepa, na ukingo utakatika. Ulaze nyuma. Mizizi au mawe yanayochomoza kutoka ukuta huo yana kazi ileile ya kumsukuma mtu nje, yaondoe.

Ukuta wa kuzuia uliopangwa kwa mawe makavu ukibomoka, angalia mambo mawili tu: kama unaegemea kilima, na kama una mawe marefu yanayoingia ndani ya kilima kama misumari. Kama yote mawili hayapo, haukuwa ukuta, ni mawe yaliyorundikwa.

Dalili: matope na madimbwi, njia inapanuka kama uwanja

Hii hutokea sehemu ya bapa juu ya korongo kabla ya kuanza kushuka, hasa penye udongo mweusi wa mbuga. Watu wanakwepa tope, wanakanyaga pembeni, pembeni napo panakuwa tope. Sogeza njia hadi penye mteremko kidogo, hata wa asilimia 2 au 3. Ikishindikana, inua njia kwa mawe makubwa chini na changarawe juu. Usiweke mchanga juu ya udongo mweusi ukadhani umemaliza. Mvua mbili zitaumeza.

Dalili: sehemu ya chini ya korongo imetoweka

Mchanga wa chini ya korongo wakati wa kiangazi unavutia sana. Ni tambarare, una kivuli, miti mikubwa, hakuna cha kuchimba. Ndiyo maana karibu kila njia ya kwanza hupitishwa huko. Kisha Januari inafika na asubuhi moja hakuna njia, hakuna benchi, hakuna kibao.

Hapa naongea juu ya uhai wa watu, kwa hiyo nisomeni taratibu. Maji ya korongo hayatoki kwenye mawingu unayoyaona. Yanatoka kwenye mvua iliyonyesha juu, pengine kilomita nyingi, wakati ulipo pana jua kali. Yanakuja kwa ukuta, yamebeba magogo na mawe. Tafuta alama ya mafuriko: majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi na nyufa za miamba. Pima urefu wake kutoka mchangani. Njia ya kudumu iwe juu ya alama hiyo, kila mahali. Panapolazimu kuvuka, chagua mahali papana palipo nyooka, vuka kwa kukatiza, na usijenge daraja wala vizingiti vya zege vinavyokusanya magogo. Mawe makubwa ya kukanyagia, yaliyopangwa upya kila mwaka baada ya mvua, yanatosha.

Funga sehemu ya chini kuanzia mvua ya kwanza mpaka Aprili iishe. Mwongozaji afundishwe dalili tatu: maji yaliyokuwa safi yanageuka rangi, vijiti vinaanza kuelea, na ngurumo isiyokoma kutoka juu. Akiona au kusikia moja tu, watu wapande ukutani mara moja, mizigo ibaki. Na kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mto; ofisa mazingira wa wilaya aitwe kabla hamjachora chochote karibu na mkondo.

Dalili: wageni wanazidiwa wakati wa kurudi

Mlimani, sehemu ngumu huja kwanza, mtu akichoka anageuka na kushuka. Korongo ni kinyume. Mgeni anashuka akiwa na nguvu, anafurahi, maji yake anayanywa chini, kisha sehemu ngumu inamngoja saa tano ya asubuhi huku miamba ya pande zote imeshika moto. Askari wa hifadhi ya Grand Canyon huko Marekani huwaambia wageni wao kwamba kushuka ni hiari, kupanda ni lazima. Maneno haya yanafaa kuandikwa mlangoni kwenu, kwa herufi kubwa.

Kamati nyingi huandika umbali: "Kilomita 3". Umbali haumwambii mtu kitu. Andikeni muda, na muhesabu saa mbili za kupanda kwa kila saa moja ya kushuka. Oktoba na Novemba, joto likiwa kali kabisa, safari ianze saa 12 asubuhi na kila mtu awe juu kabla ya saa 5. Wekeni kituo cha kugeukia penye mandhari nzuri robo ya njia, ili mzee au mama mwenye mtoto aone amefika mahali, asijione ameshindwa. Vituo vya namna hiyo vimepunguza matatizo kuliko maonyo yote tuliyowahi kutoa.

Dalili: nyuki wamewashambulia wageni

Mwamba wenye nyufa ni mzinga. Chanzo huwa njia kupita chini kabisa ya mwamba wenye kundi, kelele, manukato, au mtoto aliyerusha jiwe. Huku Kondoa, Manyoni na Singida tuna warina asali wanaojua kila ufa unaokaliwa na ni miezi gani. Tembea nao mstari mzima kabla ya kuchimba. Njia ikishapita hapo, ihamishe. Wageni waambiwe wakishambuliwa wakimbie mbali wakiwa wamefunika uso, wasipigane, na miiba itolewe upesi kwa kukwangua.

Dalili: michoro ya kale inafifia

Hili ni la Irangi zaidi, na linaniuma. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ilidumu kwenye jua na upepo vizazi na vizazi. Isije ikafa kwa vumbi la viatu vyetu.

Ukiona rangi imekuwa kama imefunikwa na ukungu, piga magoti uguse ardhi mbele ya mwamba. Ikiwa ni vumbi laini kama unga, miguu ya wageni inalirusha na linatua ukutani. Njia isielekee mwamba uso kwa uso. Ifike kwa ubavuni, iishie hatua kadhaa mbali, na sehemu ya kusimama itandikwe mawe bapa. Itandikwe, isichimbwe: udongo ulio chini ya mapango hayo una mabaki ya waliokaa pale, na hakuna mwenye ruhusa ya kutia jembe bila Idara ya Mambo ya Kale. Ukiona michirizi, kuna mtu anamwagia maji michoro ili ing'ae kwenye picha. Mwongozaji aikataze kwa sauti kabla hata kamera haijatoka. Ukiona mwamba umeng'arishwa kwa chini, mbuzi wanajikuna hapo wakati wa jua. Wapeni kivuli kingine kabla ya kuweka uzio.

Jambo jingine ambalo halionekani kwa fremu wala kwa ndoo: baadhi ya mapango hayo, kama Mungomi wa Kolo, bado ni mahali pa ibada na tambiko. Kama njia yenu inaharibiwa usiku, mawe yanahamishwa, vibao vinang'olewa, msikimbilie kusema ni wahuni. Nendeni kwa wazee, mvue kofia, muulize kama mlipita mahali ambapo hapakupaswa kupitwa, au siku ambayo haikupaswa.

Dalili: vibao vinapotea

Bati linaziba paa, mbao inapika ugali, chuma kinauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Andika kwenye jiwe lisilobebeka, mbali na michoro, au tumia marundo ya mawe kama alama. Inatosha.

Dalili: mawe yanaporomoka, njia imetifuliwa, kinyesi kila mahali

Ng'ombe. Njia yenu imekuwa mapito ya mifugo, au mmejenga juu ya mapito yao. Kwato hutifua ukingo kwa wiki moja kuliko wageni wa mwaka mzima, na mbuzi walio juu ya ukuta huangusha mawe.

Kuhusu ng'ombe nina kumbukumbu. Tulikuwa tunapigilia vigingi kwenye kilima, mfugaji mzee akasimama kututazama. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu." "Marahaba, wajukuu zangu. Mnapeleka nini huku?" Tukamwambia wageni. Akauliza, "Na hao wageni wana miguu mingapi? Maana ng'ombe ana minne na hapiti hapo." Akatuonesha kwa fimbo mstari mwembamba, mita 40 kutoka vigingi vyetu, uliokuwa umekatiza kilima kwa mshazari. Tukaupima kwa fremu. Karibu urefu wote ulikuwa kati ya asilimia 6 na 9. Wetu ulikuwa na 14.

Tukang'oa vigingi. Lakini hatukuichukua njia ya ng'ombe, na hili ndilo kosa ninalowaomba msilifanye. Tulijifunza kwake, kisha tukachora yetu sambamba upande wa chini, na mahali pa kukutana tukaweka mawe ya kuvukia. Mfugaji akinyang'anywa mapito atapita kwenu, na atakuwa na haki.

Njia ilikuwa nzuri mwaka wa kwanza, sasa imekufa

Fedha za kuchimba hupatikana, za kutunza hazipatikani. Ndicho chanzo. Tengeni sehemu ya kiingilio tangu siku ya kwanza. Novemba, kabla ya mvua, matuta yote na mahali pote pa kumwagia maji pasafishwe kwa beleshi. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, watu wawili watembee njia nzima, tena ikiwezekana wakati bado inanyesha, kwa sababu saa moja ya kutazama maji yakitembea ni bora kuliko ripoti. Mei, ukarabati mkubwa, udongo ukiwa bado una unyevu wa kushindilika. Mkisubiri Agosti mtashindilia vumbi.

Kipande kisichotibika

Kipo. Umeondoa chanzo kimoja, kikatokea kingine, miaka mitatu mfululizo. Kifunge, na ukifunge sawasawa, maana njia iliyotelekezwa tu inaendelea kuwa mfereji na inaendelea kuita watu.

Tifua uso wake kwa sururu kina cha kiganja, ili mvua inywewe na mbegu zishike. Weka vizuizi vya mawe kila hatua chache. Tandaza nyasi kavu na matawi ya miiba yakikatiza njia, si kwa kuifuata. Kisha weka nguvu zako nyingi kwenye mita 20 za mwanzo na mita 20 za mwisho, sehemu ambazo mtu anaziona akiwa kwenye njia mpya. Hapo panda vichaka vyenye mizizi, pachika mawe nusu ndani ya ardhi, vunja mstari mpaka jicho lisiweze kuufuata. Katikati unaweza kuiachia mvua na nyasi. Ukipita hapo msimu wa pili na mtoto wa kijijini akakuambia hapajawahi kuwa na njia, ng'oa kamba yako ya alama, uitumie kwingine.